Maswali ya Wasomaji: Tungamo, Ujazo na Densiti ya Vimiminika

Barua kadhaa kutoka Moshi, Arusha na vijiji vya mlimani zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti, nalo ni namna ya kujua kiasi cha tungamo kilichomo ndani ya ujazo fulani wa kimiminika. Tumeona zijibiwe pamoja katika toleo hili, kwa kuwa jibu la barua moja linasaidia kulielewa la nyingine.

SWALI: *Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Moshi mjini. Katika jaribio la kutafuta densiti ya mafuta ya alizeti nilimimina mililita 50 kwenye bika, nikaiweka juu ya mizani, nikasoma gramu 152. Nikaongeza mafuta mpaka yakafika mililita 100, mizani ikasoma gramu 198. Nilipogawanya nilipata 3.04 mara ya kwanza na 1.98 mara ya pili. Mwalimu wetu anasema densiti haibadiliki kwa kuongeza au kupunguza kiasi cha kimiminika. Kama ndivyo, kwa nini yangu imebadilika, tena imeshuka?*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wenu amesema kweli, na mizani yako nayo imesema kweli. Kilichokuponza ni kugawanya vitu visivyolingana, kwa maana juu ya mstari umeweka tungamo la mafuta pamoja na la bika, na chini ya mstari umeweka ujazo wa mafuta peke yake. Densiti ni tungamo la kimiminika likigawanywa kwa ujazo wa kimiminika hicho hicho, na ni sharti namba zote mbili zihusu kitu kile kile.

Hukutaja tungamo la bika tupu, na huenda hukulipima. Usihuzunike, kwa sababu vipimo vyako viwili vinatosha kulifichua. Kati ya kipimo cha kwanza na cha pili uliongeza mililita 50 za mafuta, na mizani ikapanda kutoka gramu 152 hadi 198, yaani kwa gramu 46. Bika lilikuwa lile lile, kwa hiyo gramu hizo 46 zote ni za mafuta. Gawanya 46 kwa 50, utapata gramu 0.92 kwa kila mililita, na hiyo ndiyo densiti ya mafuta ya alizeti katika joto la kawaida la chumba. Sasa rudi nyuma: ikiwa mililita 50 zina gramu 46, basi bika lenyewe lina gramu 106, na mililita 100 zina gramu 92, na 92 kugawanya kwa 100 ni 0.92 ile ile.

Hapo utaona pia kwa nini namba zako zilikuwa zikishuka. Gramu 106 za bika zilipogawanywa kwa mililita 50, ziliongeza 2.12 juu ya densiti ya kweli, na zilipogawanywa kwa mililita 100 ziliongeza 1.06 tu. Kadiri ungeendelea kumimina mafuta, ndivyo kosa lingeendelea kupungua na jibu lako lingekuwa linaisogelea 0.92 bila kuifikia. Ndiyo maana ninawahimiza sana wanafunzi wasiridhike na kipimo kimoja. Mtu aliyepima mara moja na kupata 3.04 hana njia ya kutambua kwamba kuna kasoro, lakini wewe uliyepima mara mbili uliona tofauti, ukashtuka, ukauliza.

Ukiwa na muda, pima mililita 20, 40, 60, 80 na 100, kisha uchore grafu yenye ujazo kwenye mstari wa chini na tungamo kwenye mstari wa kusimama. Nukta zitapangika kwenye mstari mmoja ulionyooka, ambao mwinuko wake ndio densiti ya mafuta, na mahali unapokata mstari wa kusimama ndipo penye tungamo la bika. Ukirudia kwa maji, mstari utaanzia mahali pale pale kwa kuwa bika ni lile lile, ila utapanda kwa ukali zaidi kidogo, kwa kuwa densiti ya maji ni karibu gramu 1 kwa mililita.

Kuhusu usahihi, bika si chombo cha kupimia ujazo. Alama zake ni za kukadiria tu. Tumia silinda ya kupimia, uiweke juu ya meza iliyo sawa, uinamishe kichwa mpaka jicho lilingane na uso wa kimiminika, kisha usome sehemu ya chini ya mpindo wake. Wengi hupima mafuta kwenye silinda halafu huyamimina kwenye bika ili wayapime uzito, wakisahau kwamba sehemu ya mafuta imebaki ikishikilia kuta za silinda. Ni afadhali silinda yenyewe iwekwe kwenye mizani, kwanza ikiwa tupu na kavu, kisha ikiwa na mafuta. Tena pima kiasi kikubwa, kwa kuwa kukosea mililita 1 katika mililita 10 ni kukosea kwa asilimia 10, ilhali kukosea mililita hiyo hiyo katika mililita 100 ni kukosea kwa asilimia 1.

Usisahau vipimo vya kimataifa: gramu 0.92 kwa sentimita moja ya ujazo ni sawa na kilogramu 920 kwa mita moja ya ujazo.

SWALI: *Mwalimu, mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, naishi Machame. Kituoni tunapopeleka maziwa huyapima kwa laktomita. Juzi asubuhi maziwa yangu, yakiwa bado na uvuguvugu, yalisoma 27, nikaambiwa nimeongeza maji na yakarudishwa. Sikuongeza hata tone. Tena nasikia wapo wanaoongeza maji na wakapita. Kifaa hiki kinapima nini hasa?*

JIBU: Pole sana, Mama. Jambo hili linagusa riziki ya watu na pia heshima yao, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mwanafunzi aliyetangulia alichukua ujazo aliouchagua yeye mwenyewe, akatafuta tungamo lake. Laktomita hufanya kinyume chake. Tungamo lake halibadiliki, kwani limetiwa risasi au vyuma kwenye tako lake, na kinachobadilika ni ujazo wa maziwa linaousukuma pembeni. Kanuni yake ni ile iliyoelezwa na Archimedes wa Syracuse katika karne ya 3 kabla ya Kristo: kitu kinachoelea husukuma pembeni kiasi cha kimiminika chenye uzito sawa na wake. Katika kimiminika chenye densiti kubwa, ujazo mdogo unatosha kufikia uzito huo, kwa hiyo kifaa huchomoza juu. Katika kimiminika chenye densiti ndogo, hulazimika kuzama zaidi ili kisukume ujazo mkubwa zaidi. Alama zilizoandikwa kwenye shingo yake nyembamba ndizo zinazoonyesha kimezama kiasi gani. Ukisoma 30, maana yake ni densiti ya 1.030, na 27 ni 1.027.

Maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa huwa kati ya 1.028 na 1.033 hivi, yakipimwa kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Yamezidi maji kwa sababu ya sukari, protini na madini yaliyomo ndani yake. Mafuta yake, kinyume chake, ni mepesi kuliko maji, na ndiyo maana hupanda juu yakiachwa. Chukua lita 9 za maziwa yenye densiti ya 1.030, uongeze lita 1 ya maji, na mchanganyiko utakuwa karibu 1.027. Kwa hiyo asilimia 10 ya maji hushusha kipimo kwa alama 3 hivi, na mpokeaji aliyeona 27 hakukosa sababu ya kushuku.

Alichokosa, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kipimajoto. Kimiminika kikipata joto hutanuka, ujazo wake ukaongezeka huku tungamo likibaki lile lile, na kwa hiyo densiti ikapungua. Laktomita nyingi zimetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 20, na nyingine kwenye nyuzi 15.5, jambo ambalo huandikwa kwenye kifaa chenyewe. Kwa ile ya nyuzi 20, kanuni inayofundishwa ni kuongeza alama 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyozidi 20, na kupunguza vivyo hivyo kwa kila nyuzi iliyopungua. Tuseme maziwa yako yalikuwa na nyuzi 28. Yamezidi kwa nyuzi 8, kwa hiyo tunaongeza 1.6, na 27 inakuwa 28.6, ambacho ni kipimo cha maziwa halali. Sikuwapo wala sikuyapima, kwa hiyo siwezi kukuhukumia wewe wala wao. Ninachosema kwa uhakika ni kwamba kipimo cha maziwa ya vuguvugu kisichoambatana na joto lake hakitoshi kumtia mtu hatiani.

Zaidi ya hapo, maziwa yaliyotoka kwenye kiwele muda huo huo yana mapovu madogo ya hewa, na mafuta yake bado ni majimaji. Yakitulia kwa saa kadhaa na kupoa, densiti yake hupanda kidogo hata ukiyarudisha kwenye joto lile lile. Kanuni ya 0.2 nayo haifai joto likiwa mbali sana na nyuzi 20. Kwa hiyo ninakushauri uyapoze maziwa kwa kuweka chombo ndani ya maji baridi ya mfereji, uyakoroge polepole ili mafuta yasambae bila kutia mapovu, na uombe kwa adabu kwamba joto lipimwe na liandikwe pamoja na alama ya laktomita. Ni ombi la haki, na kituo kinachojali kazi yake hakitalikataa. Maziwa ya dang'a, yaani yale ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, yasichanganywe na ya kawaida, kwa kuwa densiti yake ni kubwa mno nayo huvuruga kipimo.

Umesikia pia kwamba wapo wanaoongeza maji na wakapita. Hilo linawezekana, nami nalieleza si kwa kumfundisha mtu hila bali ili vituo vijilinde. Ukiengua mafuta ya juu, yaani ile sehemu iliyo nyepesi, maziwa yanayobaki hufika karibu 1.035. Ukiyaongezea maji kidogo kidogo, yatashuka hadi 1.030, na laktomita itayapokea kama maziwa mazuri ilhali yameibiwa mafuta na kutiwa maji. Kosa si la kifaa. Densiti ni namba moja, na namba moja haiwezi kueleza mambo mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana vituo makini hupima pia kiasi cha mafuta, na maabara kubwa hupima joto la kuganda, ambalo kwa maziwa halisi ni chini ya sifuri kwa takriban nusu nyuzi na husogea kuelekea sifuri kila yanapoongezwa maji.

SWALI: *Nauza asali hapa Arusha. Hununua kwa dumu la lita 20 na huuza kwa kilo. Mteja aliliweka dumu langu kwenye mizani, akaona kilo 28 na zaidi baada ya kutoa uzito wa dumu, akanituhumu kwamba nimetia kitu ndani, kwa kuwa lita 20 ni kilo 20. Nimjibuje? Tena, je, naweza kuitambua asali iliyochakachuliwa kwa kuipima hivyo?*

JIBU: Mjibu, ndugu yangu, kwamba lita 20 ni kilo 20 kwa maji peke yake. Usawa huo wa lita na kilo si sheria ya vimiminika vyote. Uliwekwa na watu kwa makusudi. Ufaransa ilipotunga mfumo wa metriki mwaka 1795, gramu ilifafanuliwa kuwa tungamo la sentimita moja ya ujazo ya maji yaliyo kwenye joto la barafu inayoyeyuka, na mwaka 1799 ikachukuliwa badala yake joto la nyuzi 4 hivi, ambapo maji huwa na densiti kubwa kuliko yote. Kilo imefafanuliwa upya tangu wakati huo, lakini uhusiano wake na lita ya maji umebaki karibu pale pale.

Asali yenye maji ya asilimia 18 ina densiti ya karibu 1.42, kwa hiyo lita 20 zake ni kilo 28.4 hivi. Dumu hilo hilo likijazwa lita 20 za mafuta ya alizeti litakuwa na kilo 18.4 tu. Mteja wako pengine amezoea kudhani kwamba kitu kinachomiminika polepole ndicho chenye uzito, lakini mafuta hayo humiminika polepole kuliko maji na bado huelea juu yake, na zebaki, ambayo hutiririka kwa wepesi, ina densiti ya 13.6. Kumiminika ni tabia nyingine kabisa, na haihesabiwi kwa tungamo na ujazo.

Kuhusu kupima asali, huhitaji silinda. Chukua chupa yenye mdomo mwembamba, uipime ikiwa tupu na kavu. Ijaze maji mpaka alama uliyoichora shingoni, uipime tena, uondoe uzito wa chupa, na gramu zinazobaki ni karibu sawa na mililita za chupa hiyo. Imwage, uikaushe kabisa, uijaze asali mpaka alama ile ile, usubiri mapovu yapande yote, kisha upime. Gramu za asali ukizigawanya kwa gramu za maji, utapata asali hiyo imezidi maji mara ngapi. Usilitumie dumu kwa kazi hii kwa kuwa likijazwa hadi mdomoni huweza kubeba zaidi ya lita 20, na huko ndiko ugomvi mwingi wa kipimo unakoanzia.

Asali ya maji ya asilimia 16 huwa karibu 1.43, na ya asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida katika viwango vya kimataifa, huwa karibu 1.40. Ukipata 1.36, asali hiyo ina maji mengi na itachacha. Tofauti hizi ni ndogo, hivyo mizani yako iwe inasoma gramu moja moja na chupa isiwe ndogo. Wanunuzi wakubwa hutumia rifraktomita, kifaa kinachokadiria maji ya asali kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani yake, ambacho huhitaji tone tu. Lakini aliyechanganya asali na shira nzito ya sukari hutamnasa kwa njia hii, maana shira inaweza kupikwa mpaka densiti yake ilingane na ya asali. Huyo atajulikana maabara.

SWALI: *Kwa nini haidromita, yaani kile kifaa cha kuelea kinachopima densiti ya vimiminika, huzama zaidi katika mbege ya siku ya pili kuliko ya siku ya kwanza? Msomaji, Marangu.*

JIBU: Kwa sababu sukari ya ndizi inaondoka. Chachu huigeuza kuwa pombe, ambayo densiti yake ikiwa safi ni 0.79, na gesi ya kaboni dioksidi, ambayo hupotea hewani ikichukua karibu nusu ya tungamo la sukari iliyogeuzwa. Kimiminika kilichobaki kina sukari pungufu na pombe nyingi zaidi, kwa hiyo densiti hushuka. Chuja ulezi na uache povu litulie kabla ya kupima, kwani mapovu yanayong'ang'ania kifaa hukiinua na kukufanya usome densiti kubwa kuliko ile ya kweli.

SWALI: *Nafundisha Fizikia Arusha. Wanafunzi wameniuliza kama densiti wanayoipata hapa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, ni sawa na ile ya wenzao wa pwani. Tungewajibuje?*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wameuliza vizuri. Kanieneo (presha) ya hewa ya Arusha ni takriban asilimia 85 ya ile ya pwani, lakini vimiminika havibonyei kwa urahisi, na tofauti hiyo hubadili densiti ya maji kwa chini ya sehemu moja katika laki moja. Mvutano wa dunia nao ni mdogo kidogo huko juu. Mizani ya mikono miwili haiathiriki, kwa kuwa pande zote mbili huvutwa sawa. Mizani ya kidijitali iliyorekebishwa Dar es Salaam itapunguza takriban nusu gramu, au pungufu ya hapo, katika kila kilo, na ukiirekebisha kwa jiwe lake la kupimia palepale Arusha kosa hilo huondoka.

Kinacholeta tofauti ya kuonekana ni joto. Katika asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15 maji yana densiti ya 0.999, ilhali kwenye chumba cha nyuzi 30 yana 0.996, na mafuta ya kula hutofautiana zaidi, kwa karibu asilimia 1. Mwinuko hujitokeza pale tu unapoyachemsha maji, kwa sababu Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mwanafunzi wako akipima maji yanayochemka atapata karibu 0.962, na mwenzake wa Tanga atapata 0.958, na wote wawili watakuwa wamepima sawasawa.